Kuchoma nyasi bila kuchoma viota: jinsi ya kupanga tarehe ya moto nyanda za juu kusini

Kila mwaka mvua zikikata huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuanzia Makete, Njombe, Mbeya mpaka Sumbawanga, linaanza kusikika neno moja tu, chomeni mapema. Na neno lenyewe lina maana, mana moto wa mapema unakuta majani bado yana unyevunyevu chini, unapita mpole, miti michanga inapona, alafu mwezi wa kumi wenye upepo ukifika, ule moto wa kichaa unaotoka kwa jirani unakuta hamna cha kula. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba "mapema" kwa watu wengi ni mwezi wa tano, mvua imekata jana leo kiberiti kinatoka mfukoni, na mwezi wa tano kwenye nyasi ndefu kuna makinda ambayo hata kuruka hayajui.

Kwahiyo hapa naeleza jinsi ya kupanga tarehe ya moto ukiwa unawafikiria ndege wanaotaga chini, na jinsi ya kuuwasha siku ikifika. Naongea na watu wanaosimamia malisho ya kijiji, mashamba ya mifugo, maeneo ya jumuiya za hifadhi, mashamba ya miti yenye nyasi katikati. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Kitulo moto ni kazi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, usiguse, ila nyasi za Kitulo haziishii kwenye mpaka wa hifadhi na ndege hawasomi bango, kwahiyo kinachofanyika kijijini kinawagusa walewale.

Kwanza ujue unamlinda nani

Kitulo watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua, imekua hifadhi ya taifa tangu 2005, ukubwa wa kilometa za mraba 413 hivi, na sehemu kubwa ni nyasi za juu kabisa, mita 2,600 kwenda juu. Maua ndo yanaleta wageni, ila kwenye nyasi zilezile kuna ndege ambao baadhi yao dunia nzima wamebaki sehemu chache. Kuna mbayuwayu wa buluu, yule wa buluu iliyokoza anayeng'aa kama chuma kipya, mkia wake una nyuzi mbili ndefu. Huyu anakuja kuzaa kwenye nyasi za milimani, huku kwetu, Malawi, Zambia, Zimbabwe mpaka Afrika Kusini, anafika mwezi wa tisa au wa kumi, anazaa kwenye mvua, mwezi wa nne anaondoka kwenda upande wa Ziwa Victoria, Uganda na Kenya magharibi huko. Kiota chake anakibandika kwa tope na majani makavu kwenye ukuta wa shimo, anapenda shimo la zamani la muhanga au ardhi iliyobonyea, alafu ndani anatandika manyoya. Kuna tandawala mkubwa, anataga chini kabisa, yai moja au mawili, hajengi chochote. Kuna kale kandege kadogo ka kahawia ambako jina lake la kisayansi ni Cisticola njombe, limebeba jina la Njombe yetu, na zaidi ya huku kusini kanapatikana Malawi kaskazini na kipande kidogo cha Zambia basi. Kuna wale madume weusi wenye mikia mirefu wanaoruka kwa kuning'inia juu ya mabonde ya maji wakati wa mvua. Na kuna bundi wa nyasi.

Bundi wa nyasi nataka nikae hapo kidogo kwa sababu ndiye anayeumia zaidi na ndiye asiyeonekana. Bundi huyu hakai mtini wala kwenye paa, anaishi kwenye nyasi ndefu zenye unyevu pembeni ya bonde, anatengeneza kama handaki ndani ya majani, ukipita juu yake hujui kama kuna kitu. Anataga mwishoni mwa mvua kwa sababu panya ndo wamejaa. Sasa fanya hesabu, mayai yanalaliwa mwezi mmoja na kidogo, makinda yanahitaji kama wiki 7 ndo yaruke vizuri, jumla ni karibu miezi mitatu. Aliyetaga katikati ya mwezi wa tatu makinda yake yanaruka mwanzoni mwa mwezi wa sita, aliyetaga katikati ya mwezi wa nne anafika mwanzoni mwa mwezi wa saba. Ukichoma tarehe 20 mwezi wa tano umewachoma wote wawili na hutajua, mana kinachobaki ni jivu.

Kwahiyo tarehe ni lini

Kwa nyasi za milimani huku kusini zenye msimu mmoja wa mvua, novemba mpaka aprili na kipande cha mei, dirisha ninaloliamini ni wiki ya mwisho ya juni mpaka wiki ya kwanza ya agosti, ikizidi sana ya pili. Kabla ya hapo makinda mengi ya msimu wa mvua bado yapo chini, na yale ya bundi aliyechelewa kutaga yanaweza kuwepo mpaka mwanzoni mwa julai. Baada ya hapo mambo mawili yanakuja pamoja, upepo wa agosti na septemba ambao hauzuiliki, na ndege wa kundi la pili wanaanza kutaga. Watu wengi wanadhani ndege wote wanazaa wakati wa mvua, sio kweli. Yule kirukanjia, ndege wa usiku anayelala barabarani macho yakawaka kwenye taa za gari, anaanza kutaga mwezi wa nane kuendelea, mayai mawili juu ya ardhi tupu. Na septemba oktoba mbayuwayu wa buluu ndo anafika, na machipukizi ya maua ya okidi yanaanza kusukuma kutoka chini. Okidi ikiwa imelala kama kiazi chini ya udongo moto wa julai unapita juu yake bila shida, ila moto wa novemba unakuta shina bichi limeshatoka na mwaka huo hakuna ua wala mbegu.

Kuna faida nyingine ya julai huku kwetu, ni sakitu. Sakitu ikishapiga mara kadhaa majani ya juu yanakauka rangi ya mchanga wakati shina bado lina ubichi, na hiyo ndo hali unayoitaka, moto unakula juu, unaruka sehemu zenye ubichi, unaacha visiwa. Visiwa hivyo usivione kama kazi iliyoharibika. Nimeona watu wanarudi na viberiti kumalizia vipande vilivyobaki ili eneo "lipendeze". Acheni. Kile kipande cha nyasi kilichobaki katikati ya weusi ndo nyumba ya kwale, ndo kivuli cha kinyonga, ndo mahali tombo anakimbilia mwewe akipita.

Lakini tarehe ni mwanzo tu wa mazungumzo, usiichukue ukaipigilia ukutani. Mwaka ambao mvua zimenyesha mpaka mwisho wa mei ndege wengi wanajaribu kuzaa mara ya pili, kwahiyo unasogeza mbele. Mwaka ambao mvua zimekata machi unaweza kusogeza nyuma kidogo. Na kama upo kaskazini, Serengeti, Loliondo, Mara ya Kenya kule, kalenda ni nyingine kwa sababu mna vuli na masika, ndege wengi wanazaa kuanzia novemba mpaka mei, na nafasi nzuri inakua juni na julai, alafu kule kwenye mbuga za nyasi fupi nyumbu wanakula majani mpaka moto wenyewe hauna kazi. Nyumbu walipoongezeka baada ya sotoka kuisha, kutoka laki mbili na nusu hivi mwanzoni mwa miaka ya 60 mpaka zaidi ya milioni moja, moto wa Serengeti ulipungua sana kwa sababu majani yaliishia tumboni. Kwahiyo kabla ya kufikiria kiberiti jiulize kama ng'ombe hawawezi kuifanya hiyo kazi.

Na ukisoma maelekezo kwenye intaneti angalia yameandikwa wapi. Mengi yanaongelea nyasi za Marekani ambako ndege wanataga kuanzia aprili mei mpaka julai, na wao wanaambiwa wamalize kabla ya hapo. Ukiichukua hiyo kalenda ukaileta Makete umechoma kila kitu kinyume.

Kuwasoma ndege wenyewe

Hii ndo sehemu ya maana kuliko zote na haihitaji hela. Wiki tatu kabla ya siku uliyopanga anza kutembea eneo lako asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, ndege wanapokua na kazi nyingi. Unaangalia midomo yao. Ndege amebeba jani kavu au unyoya, anajenga. Ndege amebeba mdudu mdomoni na hammezi, anarukaruka anakuangalia, ana makinda na yapo karibu. Ndege amebeba kitu cheupe kama kipande cha ute anakitupa mbali, hicho ni kinyesi cha makinda, kiota kipo hapohapo. Ndege ameinuka miguuni pako ameruka mita chache akaanguka anaburuta bawa kama limevunjika, huyo hajaumia, anakuvuta uende mbali na mayai, simama hapohapo usipige hatua mana unaweza ukawa umekaribia kuyakanyaga.

Kwa ndege wadogo wa nyasi hesabu ni kama hivi, wiki moja ya kujenga na kutaga, wiki mbili za kulalia, wiki mbili za makinda kiotani, alafu wiki moja mbili ambazo wameshatoka lakini wanaruka kama panzi, mita tatu wanaanguka. Kwahiyo ukimuona anayebeba majani leo ongeza wiki 6 mpaka 7 kabla hujawasha kipande hicho. Kwale wao makinda yanatembea siku ileile lakini hayaruki mpaka kama wiki mbili, na moto unawashinda mbio.

Siku mbili au tatu kabla ya moto mnaburuta kamba. Kamba ndefu, mita 25 au 30, watu wawili wameshika ncha, wa tatu anatembea nyuma katikati. Kamba inapita juu ya majani taratibu, aliyelala anaruka, yule wa nyuma anaona ametokea wapi. Mkifunga makopo matupu kwenye kamba inasaidia, inapiga kelele ndogo na kwale asiyetaka kuinuka anainuka. Mkikuta kiota msiguse, msisimame hapo kupiga picha dakika kumi. Chomeka kijiti hatua kumi upande wa kaskazini, na kila kijiti kiwe upande huohuo ili wote mjue kiota kipo wapi bila kuweka alama juu yake, kwa sababu kunguru ana akili, akiona kijiti kipya na watu wamesimama atakuja kukagua mkiondoka. Nguchiro nae anafuata njia yenu ya majani yaliyolala, kwahiyo msiache njia moja iliyonyooka mpaka kwenye mayai.

Kiota kimoja au viwili unaweza kuvizungushia, unafyeka duara la mita 15 hivi kutoka kiotani, majani yaliyofyekwa unayatupa nje ya duara, unalowesha maji ukingo. Vikiwa vitano kwenye kipande kimoja acha hicho kipande, ahirisha, choma kingine.

Kuna wengine usisubiri uwakute kwa kamba, unatakiwa kujua wapo. Korongo mwenye taji anajenga kwenye majani ya bondeni kwenye maji, na makinda yake yanachukua miezi miwili mpaka mitatu hivi kuruka, ameingizwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini tangu 2012. Kule Moyowosi na Malagarasi, mabonde ya maji ya magharibi mwa Tanzania, kuna korongo mkubwa mwenye ndevu nyeupe zinazoning'inia kwenye shavu, huyu anazaa maji yanaposhuka wakati wa kiangazi, kinda lake linachukua miezi mitatu mpaka minne kabla ya kuruka, na moto wa kiangazi unaoshuka bondeni unamkuta amelala kwenye yai. Kwahiyo kingo za mabonde ya maji zisichomwe pamoja na mlima, weka mstari wa kuzuia moto usishuke huko. Ndege karani, yule mwenye miguu mirefu na manyoya ya kalamu kichwani, na tumbusi wakubwa, wao wanajenga juu ya migunga mifupi, moto wa majani marefu unapanda pale juu, kwahiyo fyeka mita kumi kuzunguka mti wenye kiota miezi kadhaa kabla.

Vipande, na kupumzisha

Usichome eneo lote mwaka mmoja hata kama siku ni nzuri. Gawa mara tatu, choma theluthi moja, mwaka unaofuata nyingine. Sababu ni kwamba ndege hawa hawataki kitu kimoja. Bundi wa nyasi na kale ka Njombe wanataka majani ya zamani yaliyofungana. Mbayuwayu anataka pafupi pawazi anapopita chini chini kukamata wadudu. Ukichoma kote umempa mmoja umewanyima wengine, ukiacha kote miaka mingi majani yanazeeka, yanajilalia, yanaziba, hata mmea mpya hautoki, na siku moto wa bahati mbaya ukifika unakua mkubwa kupita nguvu za kijiji. Kipande cha mwaka huu kisigusane na cha mwaka jana ukiweza, ili aliyehamishwa awe na pa kwenda bila kuvuka jangwa la jivu.

Barabara za kuzuia moto nazo zina mtego wake. Watu wanafyeka mei na juni kwa fyekeo, na kufyeka kunaua kiota kama moto unavyoua, tena yai linapondwa kabisa. Suluhisho ni kutumia mistari ileile kila mwaka na kuweka nyasi zake fupi tangu januari, ili hakuna ndege atakayetamani kutaga hapo. Upana mita 5 tambarare, 10 kwenye mteremko, na pale penye nyasi ndefu kuliko kifua ongeza.

Siku yenyewe

Kibali kwanza. Sheria ya Misitu ya 2002 haikupi ruhusa ya kuwasha nyasi unavyotaka, pitia serikali ya kijiji na afisa misitu wa wilaya, waambie majirani wote, wenye mizinga ya nyuki wahamishe, kina mama wanaokata nyasi za kuezekea wapewe wiki mbili wakate kwanza, na hilo linakupunguzia moto. Vijana wanaowinda fuko na panya kwa kuwasha majani wakae na viongozi wao kabla, mana unaweza kupanga vizuri miezi miwili alafu mtoto mmoja akawasha kwa ajili ya panya watatu.

Hali ya hewa unayotaka ni joto chini ya nyuzi 20, unyevu hewani juu ya asilimia 50, upepo wa kutikisa majani na vitawi vidogo ila usioyumbisha matawi makubwa. Upepo usiokuwepo kabisa sio mzuri, unaweza kugeuka popote. Huna kipimo? Shika shina la nyasi katikati ulikunje, likikatika kwa mlio kavu mpaka chini kabisa umeshachelewa, likikatika juu na kujikunja chini ni sawa. Alafu washa kakona kadogo, hatua tano kwa tano, ukiwa na watu na maji, uangalie moto unavyotembea. Ukiona miali imepita kimo cha mtu, zimeni mrudi nyumbani, kesho ipo.

Muda, mimi nasema saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja. Joto linashuka, umande unakuja kukusaidia kuzima, na bado unaona vizuri. Asubuhi unaanza na umande lakini saa sita upepo unakukuta katikati ya kazi. Usiku usichome kabisa, wanaolala chini hawaoni pa kwenda na nyie hamuwaoni.

Sasa jambo ambalo ukisahau mengine yote hili shika. Usiwashe kuzunguka. Kuna watu wanaagana, wewe washa huku mimi kule tukutane katikati, linakua duara la moto linalojifunga, na kila kiumbe kilichomo ndani, kobe, sungura, kinda la tandawala, kinakimbia huku kinakuta moto, kinageuka kinakuta moto, kinabaki katikati. Wengine wanafanya hivyo makusudi kwa ajili ya nyama. Mistari ya kuzuia iwepo pande zote nne lakini moto unawashwa upande mmoja tu, upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole kinyume na upepo na wanyama watoke upande wa pili wakiwa na muda. Kwenye mteremko anza juu ushuke, moto unaopanda mlima haukimbiliki.

Kuna hoja ya wataalamu wa malisho na ina ukweli, wanasema moto wa kurudi unakaa muda mrefu kwenye shina na kuumiza majani kuliko moto unaokwenda na upepo. Njia ya kuwaridhisha wote ni hii, rudisha moto kwanza mpaka upate weusi wa mita 20 au 30 upande wa chini ya upepo, alafu ingia hatua 10 mpaka 15 ndani ya nyasi, washa mstari mmoja uende na upepo ukafe kwenye weusi, ukishakufa ingia tena hatua 15. Mistari mifupi mifupi hivyo moto haupati nafasi ya kuchukua kasi, shina haliungui sana, na kila mstari unawapa waliobaki muda wa kusogea. Mtu mmoja kazi yake iwe kutembea mbele ya mstari akipiga makofi na fimbo kabla haujawashwa. Mtu huyo asipewe kazi nyingine, na msiwashe mpaka arudi nyuma yenu.

Mramba, mwewe na korongo watakuja wenyewe kula panzi wanaokimbia, huo ni utaratibu wao wa zamani, msiogope.

Baada ya moto

Usiondoke mpaka visiki na kinyesi kikavu cha ng'ombe vimezimwa, kinyesi kinashika moto ndani siku nzima na upepo wa asubuhi unakiamsha. Kesho yake tembea weusi wote kwa mistari. Unatafuta mabaki, mayai yaliyopasuka, mifupa midogo, handaki la bundi lililoungua. Andika kwenye daftari la kijiji tarehe, kipande, ulichokuta. Ukikuta viota viwili vilivyoungua tarehe 28 juni, mwakani kipande hicho unakipeleka katikati ya julai. Daftari la namna hii miaka minne mitano linakua na thamani kuliko maelekezo yoyote pamoja na haya yangu, kwa sababu linaongelea bonde lako.

Ng'ombe wasiingie mpaka majani mapya yafike kimo cha kiganja kilichosimamishwa. Najua ni ngumu, ni kiangazi na ule ukijani unang'aa, ila wakiingia mapema wanang'oa na wanakanyaga. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, kuna ndege wanaotafuta jivu makusudi. Kuna yule mdogo mwenye miguu mirefu anayekimbia akisimama akikimbia tena, kichwa rangi ya kutu, anataga mayai yake juu ya ardhi iliyoungua, na mayai yenyewe ni ya giza yamechorwachorwa mpaka unayaona kama makaa mawili. Mbuzi mia wakipita hapo wamemaliza. Kwahiyo baada ya moto buruta macho tena kwenye weusi mwezi wa nane na wa tisa, ukimuona ndege anakimbia mbele yako badala ya kuruka na anarudi palepale, pitisha mifugo upande mwingine wiki nne tano.

Na kama agosti imeingia katikati na bado una kipande hujakichoma, kwa sababu ya upepo, kwa sababu ya kibali kuchelewa, kwa sababu ya viota, kiache. Usikimbizane nacho septemba. Kitakua nyasi ndefu kwa mwaka mmoja zaidi, bundi atakishukuru, fyeka tu mstari wa pembeni uwe mpana ili moto wa oktoba wa jirani usikifikie, alafu kiweke cha kwanza kwenye orodha ya juni inayokuja.